Mutoto Wetu Hajui Kitu

Vijana wanaokuja kwangu Jumamosi wanataka ushauri wa kazi. Kuna wachoraji, kuna mmoja anayeshona, kuna wasichana wawili wanaoimba harusini na wanataka siku moja sauti zao zitoke redioni. Wanakaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba yetu hapa Kasongo, nami ninawaambia yale ninayoyajua. Chukua kazi zako nzuri uziweke pamoja. Fika mapema. Mtazame mtu machoni, na akikuuliza unajua nini, sema, usimung'unye maneno. Sema mimi ni fundi na kazi yangu hii hapa. Halafu ninawapa neno la mwisho, na hapo ndipo wanapocheka: usiende na mjomba.

Wanacheka kwa sababu mji mzima unaijua habari yangu na mjomba wangu. Mimi nami ninacheka nao, nifanye nini? Lakini Jumamosi moja, mmoja wa wale waimbaji hakucheka. Akaniuliza, "Na mujomba mwenyewe, Dada, sasa iko namna gani?"

Nikamjibu, "Iko muzima, asante Mungu."

Jibu gani hilo! Uso uliniwaka. Yule mtoto hakuuliza afya, na mimi nilijua hakuuliza afya. Aliuliza kama mjomba wangu amekubali tena kunisemea. Alikuwa hajakubali.

Ngoja nieleze vizuri, maana wageni wakitutazama wanafikiri sisi ni waoga. Kwetu mjomba, ndugu wa mama yako, ndiye mdomo wako. Likiwa jambo kubwa, posa, kuomba kiwanja, kumtuliza jirani mliyegombana naye, wewe unanyamaza na yeye anasema. Na wangu si mjomba hivi hivi. Anauza sabuni, chumvi na vitambaa sokoni, lakini watu wanamfuata kwa ajili ya ulimi wake. Familia za Kiislamu za hapa mjini zikiwa na harusi zinamwomba akae upande wao, hata kama hawana damu naye. Baba yangu alikufa sijaanza shule, na tangu siku ile kila mlango nilioingia, mjomba alikuwa ametangulia kuubisha.

Namna yake ya kusema ndiyo namna ya wakubwa wote wa hapa, ila yeye anaiweza kuliko wote. Mtoto wako huwezi kumsifu mbele za watu. Unamshusha. Unasema mutoto wetu hajui kitu, hajui kuwasha moto, hajui kusalimia, mumupokee hivyo hivyo mumufundishe. Kadiri unavyomshusha ndivyo watu wanavyojua kwamba ni wako, umemlea, na humpeleki kwa watu kama kitambaa cha sokoni. Upande wa pili wanacheka, wanajibu, "Hivyo hivyo tunamutaka." Mambo yamekwisha, chakula kinaletwa. Anayesifiwa ni mtoto wa watu. Jirani akija na mwanawe, hapo utasifu mpaka mate yakukauke.

Mimi nimekua katika kushushwa huko, na kulinipendeza. Siku ya kwanza ya shule alimwambia mwalimu, "Nimekuletea muzigo, uutue popote." Nilijiona kama binti wa sultani. Na nilipoanza kuchora vibao vya maduka alikuwa anapita kwa makusudi kuniona nimening'inia juu ya ngazi. Nilichora vichwa kwa vinyozi, kuku kwa mama wa mgahawa, mizani kwa wanunuzi wa dhahabu wa Lusangi, ambao wametoka kila pembe ya mashariki na kila mmoja anataka mizani yake iwe kubwa kuliko ya jirani. Mjomba anasimama chini, anawaambia wapita njia, "Muangalie huyu, anaharibu ukuta wa watu." Wanacheka. Na mimi huko juu ninacheka mpaka brashi inatikisika.

Basi shirika moja la afya lenye ofisi Kabambare likatafuta mtu wa kuchora bwati ya picha. Ni kitabu cha karatasi ngumu kinachosimama mezani. Mama anayefundisha afya anafungua ukurasa mmoja mmoja. Upande wa akina mama wanaosikiliza kuna picha, upande wake yeye kuna maneno: chemsha maji, peleka mtoto chanjo, lala ndani ya chandarua. Nilikuwa nimeiona ya zamani. Watu waliochorwa mle hawakufanana na mtu yeyote wa huku, nyumba zao zilikuwa na ghorofa, na akina mama walikuwa wanabishana kama yule aliyebeba mtoto ni mwanamke au padri. Niliitaka kazi ile kwa roho yangu yote. Nilitaka niamke asubuhi nichore mama wa kijijini Wamaza na kikapu chake, mtu amtambue, aseme huyu ni mimi.

Na nilikuwa nimejiandaa. Miezi michache kabla, mwalimu kutoka Bukavu alikuja kutufundisha vijana namna ya kutafuta kazi. Alituambia siku ya entretien, yaani siku unapoitwa kuulizwa maswali, kitu kikubwa ni kimoja: "Mujiuze!" Sisi wasichana tuliangaliana, maana kujiuza kwetu ni habari nyingine kabisa. Yeye akarudia kwa sauti, "Jiuze, usione haya!" Mama mmoja aliyekuwa anapita nje na sinia la maandazi alisimama dirishani kumtazama. Tulimcheka mwalimu wiki nzima, lakini neno lake lilinikaa kichwani.

Nilituma maombi, na watu wa shirika wakanipigia simu. Sauti ya mwanamke ikasema, "Uje Kabambare, kutakuwa na mazungumzo." Nikaja nyumbani ninaruka, nikalirudia neno hilo, mazungumzo, vilevile nilivyoambiwa. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Watazungumza na nani?"

"Na mimi, Mujomba."

"Weye? Watu wazima wamekaa, mutoto wa kike anaanza kujisemea mwenyewe, na sisi watu wake tuko hapa tunakunywa chai? Watasema huyu aliokotwa."

Nilimweleza. Wallahi nilimweleza, kwamba haya ni mambo ya ofisi, ni ya Kizungu, kila mtu anakwenda peke yake. Akasema mazungumzo ni mazungumzo. Mama akamuunga mkono. Basi nikanyamaza, mjomba hapingwi, na kusema kweli sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi kwamba sitaingia peke yangu.

Tulikwenda kwa pikipiki moja, motari mbele na usukani wake, mjomba katikati, mimi nyuma. Kanzu yake nyeupe alikuwa ameifunga ndani ya plastiki kifuani, na jogoo wa zawadi ametulia kwenye kikapu. Barabara yetu mnaijua. Penye matope tulishuka tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Njia nzima mjomba alikuwa anayafanyia mazoezi maneno yake mgongoni kwa motari, na motari anaitikia, "Ndiyo, Mzee. Hapo uko sawa, Mzee." Tulilala Wamaza kwa watu anaowajua. Kesho yake tulipofika Kabambare akanawa, akavaa kanzu, akanitazama mimi na bahasha yangu ya michoro, akasema, "Usitie wasiwasi. Nitakushusha mupaka watakutaka kwa nguvu."

Ofisini walikuwa watatu: mama mmoja wa Goma ambaye ndiye mkubwa, bwana mmoja wa Kinshasa asiyejua Kiswahili, na kijana wa kuandika. Walituona tunaingia wawili na jogoo. Mjomba akasalimia, akauliza habari za nyumba zao, za mvua, za safari zao. Walimjibu kwa heshima, siwezi kuwasingizia. Yule mama akauliza, "Baba, wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mujomba yake. Nimekuja kumusemea."

Mama akatabasamu, akasema haya, tunakusikiliza.

Mjomba akasimama, akakohoa. "Mutoto wetu hajui kitu," akaanza. "Asubuhi mupaka aamushwe. Kuchora kwenyewe anababaisha, anaharibu rangi ya watu. Hajui kukaa na wakubwa. Mukimupokea mutakuwa mumepokea muzigo, tunawaomba tu mumuvumilie, mumufundishe, na yeye awe mutu." Alisema vizuri ajabu. Nimemsikia kwenye harusi nyingi, sijawahi kumsikia akisema vizuri namna ile, na sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni. Kijana alikuwa anaandika. Mama wa Goma anatafsiri kwa sauti ndogo, na bwana wa Kinshasa anatikisa kichwa.

Mjomba akangoja jibu lake. Alingoja waseme hivyo hivyo tunamutaka. Nani aliseme? Bwana wa Kinshasa akauliza kwa Kifaransa, "Kama hajui, wamemleta wa nini?" Nikakiona kile kijana anachoandika kinazidi kurefuka.

Nikasimama. Nikasema, "Mama, tafadhali, musiandike. Anachosema si kweli."

Nililisema kwa Kiswahili, mbele yake, naye bado amesimama. Si kweli. Kisha nikageukia Kifaransa, lugha ambayo mjomba haijui, nikampa mjomba mgongo wangu wote, nikasema mimi ni fundi, mimi ni hodari, mimi ni mchoraji anayetafutwa Kasongo na Lusangi, nikapanga michoro yangu mezani. Nilijiuza kama tulivyofundishwa. Bwana wa Kinshasa aliinuka kitini kutazama. Mama wa Goma akamshika mkono akimwonyesha yule mama niliyemchora na kikapu chake.

Nilipogeuka, mjomba alikuwa mlangoni, jogoo kwapani. "Ninaomba ruhusa niangalie pikipiki," akasema, akatoka.

Kazi niliipata palepale. Jogoo alirudi na sisi. Kwetu zawadi ya mazungumzo ikirudi nyumbani, maana yake maneno yameharibika, na yule jogoo alituwikia njia nzima, mpaka motari akaomba tumfunike. Mjomba hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Tulipofika Wamaza alinigeukia akasema taratibu, "Umesema muzuri sana. Weye ni fundi kweli. Unajua Kifaransa, unajua kila kitu." Na mimi, mjinga, nikafurahi!

Ni mama aliyeelewa. Mjomba alifika nyumbani, akakaa, akaanza kunisifu mbele ya majirani waliokuja kusikia habari. Mama akaacha kila kitu, akanivuta jikoni. "Umemufanya nini ndugu yangu?"

Tangu siku hiyo ikawa ni sifa tu. Nikipita sokoni anawaambia wateja, "Huyo ni mutoto akili, hana mufano." Nikimletea sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, anaonja, anasema hajawahi kula sombe tamu hivyo. Watu wanaona ninapendwa. Mimi ninaingia ndani ninatamani kujificha chini ya kitanda, maana hivyo ndivyo anavyomwambia mtoto wa jirani. Niliponunua kitambaa cha koti kwa mshahara wangu nikampelekea na kupiga magoti, nikamwambia Mujomba nisamehe ile siku, akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Kusamehe nini? Mutu mukubwa kama weye." Nikarudi nimesifiwa zaidi ya nilivyokwenda.

Kuna siku ninapandwa na hasira. Kwani nilifanya nini? Ningenyamaza, kazi ingekwenda kwa mtu wa Goma, akina mama wangeendelea kubishana habari za padri. Leo bwati yangu inafunguliwa mpaka vijiji ambavyo sijavifikia. Ningerudishwa katika chumba kile ningesema tena, nisiwadanganye. Hasira inanitoka, aibu inabaki. Ile kazi niliipata halali, na bado nikikumbuka mgongo wangu umemwelekea mjomba, ninaweka brashi chini.

Mwaka huu nikaposwa. Mwanamume ni muuguzi, tulijuana Kabambare katika kazi ya bwati. Alinisahihishia mtoto niliyemchora na sindano mkono usiofaa, tukagombana, ndipo tukazoeana. Watu wake wa Kabambare wakatuma neno kwamba wanakuja Kasongo. Hapo mama akashikwa na hofu kuliko mimi. Msemaji ni mjomba, hakuna mwingine, na yeye alikuwa amesema mara moja tu, "Anajua kujisemea." Mama alikwenda kumbembeleza. Akakubali kuja.

Walifika Jumapili. Wanaume wakakaa barazani, sisi wanawake tukawa chumbani, dirisha likiwa wazi nyuma ya pazia, kila neno linaingia. Msemaji wao, baba mkubwa wa muuguzi wangu, alianza vizuri. Wameona ua, wamependa, wamekuja kuomba. Shangazi yangu akaniminya goti, akanong'ona, "Sasa utasikia unavyoshushwa."

Mjomba akakohoa kile kikohozi chake. "Mutoto huyu ni hodari," akasema. "Anajua Kifaransa. Anajua kupika, anajua kuchora, anajua kusema mbele ya wakubwa. Anajua kila kitu. Hakuna wa kumufundisha."

Shangazi akaliachia goti langu. Mama akaufunika mdomo na kitenge. Barazani hakuna aliyecheka, maana maneno hayo hayana jibu. Mtu ukimsifia mwanao namna hiyo unamwambia nenda zako, au unamwambia huyu si wangu, chukua ukitaka. Yule mzee wa Kabambare alikaa, akazungusha kofia yake mkononi. Mwisho akasema kwa adabu, "Kama ni hivyo, Bwana, sisi watu wadogo. Mutoto wa namna hiyo hatumuwezi." Nikasikia viti vinasukumwa.

Msichana anayeposwa hatoki. Anaweza kufa humo ndani, hatoki. Nilitoka. Nilipita katikati ya miguu ya wanaume wageni, muuguzi wangu ameinamisha kichwa, nikapiga magoti mbele ya mjomba.

"Mujomba, uwaambie yangu."

"Yako gani? Nimesema."

"Ile ya kwetu. Kwamba sijui kitu."

Akanitazama. Amezeeka, sikuwa nimemtazama karibu siku nyingi. "Ile uliwaambia watu si kweli," akasema, polepole, kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu. Nikajua kwamba neno lile alikuwa nalo siku zote hizo, sokoni, msikitini, mezani kwetu akila sombe yangu.

"Ni kweli, Mujomba," nikasema. Nilikuwa ninalia sasa, bila hata kujificha. "Sijui kitu."

Nikafikiri nimeharibu na kilichobaki. Kisha akanyoosha kanzu yake magotini, akainua uso akawageukia wageni, ambao walikuwa wamesimama nusu.

"Mumemuona?" akasema, na sauti ikawa ile yake ya harusi. "Mutoto anaposwa, anatoka ndani, anakuja kulia mbele ya wanaume. Niliwaficha, sasa mumejionea. Hajui kitu huyu! Hajui adabu. Asubuhi mupaka aamushwe. Sombe yake, siku zote hizi ninaila, ina muchanga." Chumbani shangazi akaanza kucheka kwa sauti. Mzee wa Kabambare akarudi kukaa, akaivaa kofia yake. "Na musidanganywe na watu wa ofisi eti ni fundi. Hata kuchora hajui."

"Hivyo hivyo tunamutaka!" wakajibu wote kwa mara moja.

Mjomba akanisukuma bega kwa ncha za vidole. "Inuka, uende ndani," akaniambia. "Unatuaibisha."

Nikainuka, nikarudi chumbani, na mama akasogea kwenye mkeka nikae karibu naye.